Namna ya Kupata Sauti Kavu ya Dramu za Zamani Unaporekodi Nyumbani

Anayesikiliza kwa makini rekodi za soul na roki zilizofanywa kati ya mwaka 1966 na katikati ya miaka ya 1970 hutambua upesi kwamba dramu zake hazina mkia. Snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini yake) hulia mara moja na kunyamaza, tomu (ngoma zisizo na nyaya) hutoa mdundo mfupi wa chini usiobaki hewani, ngoma ya besi hugonga bila kuvuma, na matoazi hukaa nyuma kiasi kwamba mwimbaji na gitaa la besi hupata nafasi pana. Miaka ya 1980 ilileta mtindo ulio kinyume kabisa, wa snea kubwa iliyojazwa mwangwi kisha mwangwi wenyewe ukakatwa ghafla, na kwa muda mrefu ukavu ukaonekana kuwa dalili ya upungufu wa vifaa. Leo wengi wanaorekodi nyumbani wanautafuta tena, na studio ya Daptone iliyoko Brooklyn, New York, ambayo katika miaka ya 2000 ilirekodi kwa mashine ya tepu ya njia nane, imeonyesha kwamba sauti hiyo bado inapatikana kwa anayejua chanzo chake.

Chanzo chake hakikuwa mashine ya ajabu. Mwezi Aprili 1966, katika studio za EMI za Abbey Road mjini London, fundi Geoff Emerick aliingiza sweta la sufu ndani ya ngoma ya besi ya Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, na kuisogeza maikrofoni karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu. Kufikia Januari 1969 Ringo alikuwa akipiga snea na tomu zilizofunikwa taulo za jikoni. Mjini Memphis, katika studio ya Royal iliyokuwa zamani jumba la sinema, mpiga dramu Al Jackson Jr. alipiga katika rekodi za mwimbaji Al Green zilizosimamiwa na prodyuza Willie Mitchell, na husimuliwa sana kwamba alikuwa akiilaza pochi yake juu ya ngozi ya snea. Vitu vyote hivyo viliwekwa kwenye ngoma, wala si kwenye meza ya fundi mitambo.

Hoja ya mwongozo huu inafuata hapo hapo: ukavu hutengenezwa chumbani, kwenye ngozi na mkononi mwa mpigaji, kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa. Programu ya kompyuta inaweza kuipa sauti rangi ya uzee, lakini haiwezi kuutoa kwa usafi mwangwi wa chumba uliokwisha kuchanganyika na mlio wa ngoma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu magodoro, vitambaa na ufunguo wa dramu, na sehemu ndogo tu inahusu plagini, yaani programu ndogo za kubadilisha sauti ndani ya kompyuta.

Chumba

Nyumba nyingi za mijini katika Afrika Mashariki zinaipinga sauti kavu kwa namna zilivyojengwa. Kuta ni za matofali ya saruji yaliyopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, madirisha ni ya vioo na dari ni ya jipsamu au zege, na kila uso wa namna hiyo hurudisha sehemu kubwa ya sauti inayoufikia. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu cha aina hii na utasikia mlio wa haraka wenye ladha ya chuma, unaorukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Mlio huo ndio utakaojishikiza kwenye kila pigo la snea.

Inafaa kufanya hesabu kidogo ili tujue adui alipo. Chukua chumba chenye dari ya mita 2.7, ambamo uso wa snea uko sentimita 65 kutoka sakafuni na maiki imening'inizwa mita moja juu ya snea hiyo. Sauti inayokwenda moja kwa moja husafiri mita moja, ilhali ile inayogonga dari na kurudi husafiri mita 3.1. Kwa kuwa sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, ile ya pili huchelewa kwa milisekunde 6 hivi. Sikio haliutambui ucheleweshaji mfupi kiasi hicho kama mwangwi. Linachosikia ni snea iliyopungukiwa na baadhi ya masafa (viwango vya sauti, vya juu au vya chini) na kuzidishiwa mengine, yaani ile sauti ya chumbani ambayo watu huhangaika kuitoa kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa) bila mafanikio, kwa sababu imetawanyika katika masafa mengi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo anza na dari, ingawa wengi huanza na kuta kwa kuwa ni rahisi kuzifikia. Ning'iniza blanketi mbili nzito zilizokunjwa, au bora zaidi vipande vya sponji nene, juu kabisa ya dramu na maiki, ukiacha nafasi ya sentimita 10 hadi 20 kati ya kitu hicho na dari yenyewe. Hakikisha hakigusi taa, na kama chumba kina feni ya dari, zima umeme wake kabisa. Sakafuni tandika zulia nene lenye ukubwa unaozidi dramu kwa pande zote. Mkeka wa ukindu unapendeza lakini haunyonyi sauti ya kutosha.

Kwa kuta, kifaa kizuri kuliko vyote kiko tayari katika nyumba nyingi, nacho ni godoro la sponji. Kitu chenye vitundu vinavyopitisha hewa hunyonya vizuri zaidi masafa ambayo robo ya urefu wa wimbi lake haizidi unene wake, na hiyo ina maana kwamba godoro la sentimita 10 lililoegemezwa ukutani hufanya kazi vizuri kuanzia karibu Hz 850 (mitetemo 850 kwa sekunde) kwenda juu. Ukilisogeza sentimita 10 mbele ya ukuta, umbali kutoka ukutani hadi uso wake huwa sentimita 20, na uwezo wake hushuka hadi karibu Hz 430, bila kutumia hata shilingi moja ya ziada. Simamisha godoro moja nyuma ya mpigaji na jingine kila upande. Kanga, shuka na mapazia mepesi yakitundikwa ukutani hupunguza ung'avu wa juu tu na kuyaacha masafa ya katikati yakizunguka, na chumba kilichotibiwa hivyo huwa na sauti mbaya kuliko kilivyokuwa mwanzo, kwa sababu kinakuwa na giza bila kuwa kikavu.

Masafa ya chini kabisa hayanyonywi kwa godoro. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 hujikusanyia nguvu karibu na Hz 57 na Hz 49, na ngoma ya besi hupita humo humo. Hapa dawa ni kuihamisha dramu. Mwombe mwenzako apige ngoma ya besi peke yake huku wewe ukisikiliza kwa hedifoni kupitia maiki iliyo juu. Mlio ukiwa mwembamba, sogezeni dramu nusu mita kutoka katikati ya chumba, na ukivuma kupita kiasi, iondoeni karibu na pembe. Mabunda ya nguo au magunia yaliyojazwa vitambaa, yakirundikwa kwenye pembe kutoka sakafuni hadi kifuani, husaidia kwa kiasi chake.

Madirisha yakifungwa na feni ikizimwa, chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hakikaliki kwa muda mrefu. Rekodi vipande vifupi asubuhi, ufungue madirisha kati ya kipande na kipande, na usimlazimishe mpigaji kurudia wimbo mzima akiwa ameloa jasho, kwa maana mkono uliochoka hubadilisha nguvu ya pigo na pamoja nayo sauti.

Ngozi na kukaza

Hadi miaka ya 1950 dramu ziliwambwa ngozi ya ndama, ambayo kwa asili yake ina mlio laini na mfupi. Mwaka 1957 Remo Belli wa Marekani alianza kuuza ngozi za plastiki, nazo zikaenea haraka kwa sababu hazilegei hewa ikiwa na unyevu. Mpiga ngoma yeyote wa pwani anayelazimika kuianika au kuiotesha moto ngoma yake kabla ya shughuli anajua faida hiyo. Plastiki, hata hivyo, ina mlio wa juu unaoendelea baada ya pigo, na taulo za miaka ya 1960 zilikuwa kwa sehemu kubwa jibu la tatizo hilo.

Kwa snea chagua ngozi ya tabaka moja iliyopakwa rangi nyeupe inayokwaruza, yenye unene wa takriban robo milimita. Kwa tomu, ngozi ya tabaka mbili hufupisha mlio zaidi. Ziko pia zile ambazo kati ya tabaka zake mbili kuna utando mwembamba wa mafuta. Hizo hukausha kuliko zote, lakini kwa maoni yangu huondoa pia mguso wa kijiti, na ukishaupoteza huo huna tena cha kurudisha. Ngozi iliyochakaa kidogo inafaa, mradi haina mashimo katikati.

Kukaza kwenyewe kunahitaji subira. Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole hadi zishike, kisha bonyeza katikati ya ngozi kwa kiganja ili ikae vizuri kwenye ukingo wa ngoma. Tumia ufunguo robo mzunguko kwa kila skrubu, ukivuka kila mara kwenda ile inayotazamana nayo, mpaka mikunjo yote itoweke. Kwa tomu za sauti kavu, ishie hapo au ongeza robo mzunguko mmoja tu: ngozi ya juu iwe katika kiwango cha chini kabisa kinachoweza kutoa noti inayotambulika, na ya chini iwe juu yake kidogo. Wapigaji wengi wa miaka ya 1970 waliondoa kabisa ngozi za chini za tomu, na mbinu hiyo ni halali, ila tomu hupoteza uzito na kubaki na mshindo wa pigo peke yake.

Snea ni ngumu zaidi. Ngozi yake ya chini iwe imekazwa sana, kwa sababu ndiyo inayoamuru nyaya ziitikie upesi. Ngozi ya juu iwe chini ya kiwango ambacho mpigaji wa siku hizi amezoea, kiasi kwamba ukiigonga katikati unasikia mwili wa ngoma kabla ya kusikia mlio wa ukingo. Nyaya zisilegezwe kupita kiasi kwa kutafuta uzee, maana zitatetemeka kila mara gitaa la besi linapopiga. Mwisho, legeza skrubu moja au mbili zilizo karibu na mpigaji kwa nusu mzunguko: ngozi isiyolingana mvutano wake haiwezi kushikilia noti moja kwa muda, na mlio hufa haraka bila kitambaa chochote.

Hilo la mwisho ndilo ninalopendelea kulifanya kabla ya kugusa taulo. Anayefunika ngoma iliyokazwa juu hupata sauti ndogo na ya karatasi, kisha analaumu kitambaa, ilhali ngoma iliyokwisha kushushwa huhitaji kitambaa kidogo mno.

Taulo, pochi na mto

Kitambaa cha kufunika snea kiwe chepesi, kama taulo ya jikoni au kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili. Hapa kanga iliyoshindwa ukutani inapata kazi yake. Usikibandike pande zote. Kibandike kwa selotepu ya karatasi kwenye ringi ya upande wa mbali na mpigaji, ukiacha upande wa karibu ukiwa huru, na kifunike kati ya theluthi na nusu ya ngozi. Kijiti kinapogonga, ngozi husukuma kitambaa juu na mshindo wa kwanza hutoka ukiwa kamili. Kitambaa kinaporudi huuzima mlio uliobaki. Pochi ya Al Jackson hufuata kanuni ileile, kwa kuwa ina uzito wa kutosha kuzima lakini haijafungwa popote. Selotepu iliyobandikwa moja kwa moja kwenye ngozi, kwa upande wake, huzima tangu mwanzo wa pigo, kwa hiyo itumie kidogo kidogo, kipande cha urefu wa kidole karibu na ukingo, na usikilize kabla ya kuongeza kingine.

Tomu huweza kufunikwa karibu zote. Katika chumba kidogo mapigo ya tomu ni machache kwenye wimbo, lakini mvumo wake huitikia kila pigo la snea, na huo mvumo wa kimyakimya ndio unaoifanya rekodi nzima ionekane chafu bila mtu kujua kwa nini. Ikiwa wimbo hauzihitaji tomu, ziondoe chumbani kabisa.

Ndani ya ngoma ya besi weka mto au blanketi linalogusa ngozi ya nyuma, ile inayopigwa, kwa sehemu ya chini tu. Kujaza ngoma yote ni kuiua: hewa iliyomo ndani ndiyo inayobeba uzito, na ikikosa nafasi hubaki tu kishindo cha pedali. Ujazo usiozidi theluthi unatosha kwa ngoma ya inchi 20 au 22, ambazo ndizo zilizotumika sana wakati ule. Wanaotaka sauti ya katikati ya miaka ya 1960, iliyo nene zaidi na isiyo kavu kabisa, wabakize ngozi ya mbele bila tundu na watumie ukanda wa felti wa upana wa sentimita 6 hivi uliobanwa nyuma ya ngozi inayopigwa. Nyundo ya pedali iwe ya felti. Ya mbao au plastiki huleta mgongano mkali wa enzi nyingine.

Mkono wa mpigaji

Hakuna kifaa kinachoweza kurekebisha dramu zilizopigwa kwa mkono wa uwanjani. Katika rekodi za zamani maiki zilikuwa chache, hivyo uwiano kati ya ngoma na matoazi ulifanywa na mpigaji mwenyewe. Mwelekeze apige snea katikati kwa nguvu ya wastani isiyobadilika, na hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali) kwa ncha ya kijiti, tena iliyofungwa imara, kwa ulaini unaomfanya ahisi kwamba haisikiki. Itasikika. Matoazi yawe mawili kwa wingi, membamba na yenye giza, na kama uliyonayo yana kelele, bandika vipande viwili vya selotepu chini ya kila moja, karibu na ukingo.

Upo pia upande wa amani ya mtaa: dramu zilizofunikwa na kupigwa kwa mkono mwepesi zina kelele ndogo kuliko za kawaida, na jirani huona tofauti.

Maiki

Wapenzi wa muziki wa dansi wanazijua rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambamo bendi nzima ilipiga pamoja mbele ya maiki chache na ngoma zikasikika mahali pake bila kusukumwa. Anayerekodi nyumbani asione haya kuanza na maiki moja. Iweke mbele ya dramu, juu kidogo ya ngoma ya besi, kwenye urefu wa karibu mita moja kutoka sakafuni, ikielekezwa kwenye snea, kisha isogeze kwa upana wa kiganja tu kila mara. Ukiwa na ya pili, iweke kwenye ngoma ya besi. Rekodi nyingi za soul za miaka ya 1960 ni mono, yaani za njia moja ya sauti, na anayekomea hapa atakuwa karibu sana na sauti anayoitafuta.

Njia ya maiki tatu au nne inajulikana kwa jina la fundi Mwingereza Glyn Johns, aliyeitumia katika studio ya Olympic mjini London mwaka 1968 alipokuwa akirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Bendi hiyo haikutafuta ukavu, lakini mpangilio wenyewe hufaa sana ngoma zilizokwisha kukaushwa. Maiki ya kwanza huning'inia takriban mita moja juu ya snea. Ya pili huwekwa upande wa tomu kubwa ya sakafuni, juu kidogo ya ukingo wake, ikiitazama snea na hai-hati kwa kuvuka. Ya tatu huwa kwenye ngoma ya besi, na ya nne, ikihitajika, karibu na snea. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba maiki mbili za kwanza ziwe umbali uleule kutoka katikati ya snea. Chukua uzi, ushikilie katikati ya ngozi, upime hadi maiki ya kwanza, kisha uzungushe uzi huohuo hadi ya pili. Tofauti ya sentimita 17 tu ni nusu milisekunde, nayo inatosha kufuta masafa ya karibu na Hz 1,000 pale njia mbili zinapochanganywa.

Katika chumba kidogo mimi hupunguza urefu wa maiki ya juu hadi sentimita 80 au hata 70. Kadiri maiki inavyokaribia ngoma ndivyo sauti ya moja kwa moja inavyoushinda mwangwi, na mpigaji mwenye mkono mwepesi kwenye matoazi ndiye anayekuruhusu kukaribia kiasi hicho.

Kuhusu aina za maiki, maiki za kondensa (zinazohitaji umeme na kunasa sauti ndogo sana) za bei nafuu zina ung'avu mwingi wa juu unaotangaza kila kasoro ya chumba na kila toazi. Maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme) kama Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, hufaa juu ya dramu kuliko watu wanavyodhani, na ya riboni (yenye utepe mwembamba wa chuma) hufaa zaidi kwa anayeimudu. Kwa ngoma ya besi tumia yoyote ya dainamiki inayopokea masafa ya chini vizuri, sentimita 5 hadi 15 kutoka kwenye tundu la ngozi ya mbele au ndani kidogo yake. Ndani kabisa utapata mgongano mwingi na uzito kidogo.

Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti visizidi desibeli 10 hadi 12 chini ya kikomo. Kabla ya kuanza wimbo, rekodi nusu dakika, kisha geuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya maiki ya ngoma ya besi, halafu ya snea, ukilinganisha kila mara na maiki za juu. Ubaki na hali yenye uzito zaidi upande wa chini. Kuna watu huongeza desibeli sita za besi kwa ikwalaiza ilhali kitufe hiki kimoja kingewapa.

Kuchanganya

Yakifanyika yote hayo, kazi ya kompyuta huwa fupi. Zipange maiki mbili za juu nusu kushoto na nusu kulia, au ziache zote katikati. Punguza desibeli 3 au 4 mahali fulani kati ya Hz 300 na Hz 500, ambapo ngoma zilizozimwa hukusanya sauti ya boksi. Ongeza kidogo karibu na Hz 70 kwa ngoma ya besi na karibu na Hz 200 kwa snea ikiwa nyembamba. Juu ya Hz 10,000 teremsha taratibu badala ya kupandisha.

Kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ndiyo inayowaharibia wengi. Kila mlio mkubwa unaposhushwa kisha jumla ikapandishwa, kinachopanda ni mkia na chumba, yaani vitu vilevile ulivyotumia siku nzima kuviondoa, na kompresa inayoachilia haraka hufanya hivyo baada ya kila pigo. Weka uwiano wa 4 kwa 1, mwanzo (muda kabla kompresa haijaanza kushusha) wa milisekunde 20 hadi 30 ili mshindo upite, na uachiliaji (muda wa kuacha kushusha) unaomalizika kabla ya pigo linalofuata, bila kushusha zaidi ya desibeli 3 hadi 5. Plagini nyingi huiga kompresa ya 1176 ya miaka ya 1960, ambayo mwanzo wake wa polepole kabisa ni chini ya milisekunde moja. Hiyo itumie kwa uangalifu, kwani itakula mshindo wa kwanza. Geti za kukata mlio ziepuke, au ziruhusu zishushe desibeli 6 tu. Mlio uliokatwa kwa kisu una tabia ya miaka ya 1980, na sikio linautofautisha na ule uliozimwa na taulo.

Plagini ya kuigiza tepu hupunguza makali ya vilele na kuongeza unene, nayo inafaa hapa. Ikiwa ina chaguo la mwendo, inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38, ndiyo iliyozoeleka katika studio za wakati huo. Ya inchi 7.5 hupoteza zaidi upande wa juu. Iendeshe mpaka uone vilele vimeshuka kwa desibeli 2 hivi, uishie hapo.

Asiye na dramu, anayepanga ngoma zake kwenye programu, naye anaweza kufuata mantiki hii: azime njia za maiki za chumba katika sampuli zake (milio ya ngoma iliyokwisha kurekodiwa), afupishe mkia wa kila ngoma, ateremshe noti ya tomu, na asilinganishe mapigo yote kwa nguvu moja.

Riverbu, yaani mwangwi wa kuongezwa, kwenye dramu isiwepo. Ipeleke kwa mwimbaji, kwa gitaa au kwa tarumbeta, kwa sababu ukavu husikika kwa kulinganishwa na kitu chenye maji, yaani chenye mwangwi, na wimbo ambao kila kitu ndani yake ni kikavu huonekana tu kuwa mdogo. Ikiwa snea bado inaonekana kusimama peke yake mbele ya bendi, usiirushie mwangwi. Ishushe desibeli moja, kisha usikilize tena katika spika ya simu, kwa mono, gitaa la besi likiwa limewashwa.